Kofia za Waesperanto

Kiesperanto kilitolewa Warsaw mwaka 1887 na daktari wa macho, L. L. Zamenhof. Alfabeti yake ina herufi 28, na sita kati yake zimebeba alama kichwani: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ. Wasemaji huziita herufi zenye kofia. Herufi q, w, x na y hazimo kabisa. Kila sauti ina herufi yake moja: palipo na sh katika Kiswahili huandikwa ŝ, na ch huwa ĉ.

Kofia hizo hazikupendwa na wote. Wachapaji wengi hawakuwa na chapa zake, na waliozoea maandishi ya Kifaransa au Kiingereza waliona ukurasa umejaa vumbi. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipendekeza ziondolewe, pamoja na mageuzi mengine. Wasomaji wa gazeti la La Esperantisto wakapiga kura kuyakataa. Mwaka 1905, katika mkutano wa Waesperanto mjini Boulogne-sur-Mer, ilikubaliwa kuwa misingi ya lugha isiguswe na mtu yeyote. Miaka miwili baadaye kilizuka Kiesperanto kilichorekebishwa, Ido, kilichovua kofia na kurudia ch na sh. Baadhi ya viongozi walikihamia, lakini waumini wengi walibaki walipo. Tangu hapo kofia si suala la urembo tu. Anayeziandika hutambulika ni wa upande gani.

Uzuri wa maandishi haya, kwa jicho la aliyeyazoea, hautoki kwenye kofia peke yake. Kila nomino huishia na -o na kila kivumishi na -a. Wingi huongeza -j. Marafiki wema ni bonaj amikoj, na mwangwi huo wa mwisho wa maneno hufanana na upatanisho wa Kiswahili, ila wetu hukaa mwanzoni. Wakosoaji huiona -j hiyo ikichosha. Hawakosei sana: aya yenye wingi mwingi huwa na mikia tele.

Zimezuka desturi za kukabili uhaba wa vifaa. Zamenhof aliruhusu h iwekwe badala ya kofia, kwa hiyo ŝ ikawa sh. Enzi ya kompyuta ilileta x: sx, cx, gx. Haipendezi machoni, lakini kwa kuwa x haimo katika alfabeti, programu huweza kuigeuza kuwa kofia bila kubabaika. Fonti mpya hujaribiwa kwa maneno mawili, eĥoŝanĝo ĉiuĵaŭde, yanayobeba herufi zote sita; maana yake, mabadiliko ya mwangwi kila Alhamisi, haimhusu mtu.

Majina ya miji nayo huvishwa. Mkutano mkuu wa dunia ulipofanyika Tanzania mwaka 2024, kwa mara ya kwanza barani Afrika, Arusha iliandikwa Aruŝo.