Kipya kinyemi ingawa kidonda: Siri ya paka anayekunja masikio

UKIMWONA kwa mara ya kwanza unaweza kudhani amenyeshewa mvua. Kichwa cha duara kama chungwa, macho makubwa ya mshangao, na masikio yamelala mbele kana kwamba kavalishwa kofia ya sufi. Huyo ndiye paka anayeitwa Scottish Fold, na siku hizi kwenye simu za watu huwezi kumkwepa. Leo video yake amekaa kitako kama mzee wa baraza, kesho picha yake amefungwa tai. Watu wanacheka, wanatumiana, maisha yanaendelea.

Mwanamuziki Taylor Swift wa Marekani alichukua wawili wa ukoo huu, akawapa majina Meredith Grey na Olivia Benson. Na staa akishafuga kitu, mambo unayajua mwenyewe: kila mtu naye anataka chake. Huko Japani ndiyo usiseme, ni miongoni mwa paka wanaopendwa mno.

Sasa hebu tuulizane, msomaji wangu. Paka tunayemjua sisi, huyu anayemvizia muuza samaki, masikio yake husimama wima kama antena. Ya huyu mwenzake yamekwenda wapi? Walimkata? Walimfunga kitambaa akiwa mdogo? Jibu lake mwanzoni linafurahisha, lakini mbele ya safari linatia uchungu. Twende taratibu.

ANAZALIWA KAMA WENZAKE

Habari ya kukatwa ifute kabisa. Hakuna kisu wala kitambaa. Cha ajabu ni kwamba paka huyu hazaliwi na masikio yaliyokunjika. Siku ya kwanza mchanganye na watoto wa paka wengine, halafu mwite mtu aliyefuga paka maisha yake yote aje akuonyeshe ni yupi. Hatoweza.

Watoto wa paka wote huzaliwa na visikio vidogo vilivyobana kichwani, na macho yamefumba. Baada ya wiki moja au mbili hivi macho yanafunguka, na visikio vinaanza kunyanyuka kidogo kidogo. Wakifika wiki ya tatu ndipo kasheshe inapoanza. Wakati masikio ya ndugu zake yanazidi kusimama, ya huyu yanaanza kuinama. Ncha inakwenda mbele, inashuka, na kati ya wiki ya tatu na ya nne mwenye paka anakuwa ameshajua nani ni nani. Tumbo moja, mama mmoja, lakini huyu yamelala na yule yamesimama.

Hata kulala kwenyewe kuna madaraja. Kuna ambao ncha tu ndiyo imeinama. Kuna ambao sikio limekunjika katikati. Halafu kuna wale ambao sikio limelala chapa kichwani, ukimtazama kwa mbele unaona duara tupu. Hao wa mwisho ndio wanaogombewa kwenye mashindano ya paka.

SHIKA SIKIO LAKO

Usicheke, shika kweli. Likunje, halafu liachie. Linarudi lilikokuwa, sivyo? Kinacholirudisha si mfupa. Ni kitu kinachoitwa gegedu, kile kile unachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Sikio la paka nalo limejengwa hivyo hivyo. Gegedu ni kama nguzo ya hema: nguzo ikiwa imara hema linasimama, nguzo ikilegea hema linalala.

Kwa Scottish Fold nguzo hiyo ina hitilafu tangu tumboni, ila haionekani mapema kwa kuwa sikio bado dogo. Linapokua na kutakiwa kusimama, gegedu linashindwa kulibeba. Ndiyo maana unaona mabadiliko ya ghafla kwenye wiki ya tatu. Si kwamba ugonjwa umeingia siku hiyo. Ulikuwepo, ulikuwa unasubiri siku ya kujionyesha.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamempata mhusika. Ni jeni inayoitwa TRPV4. Kazi yake ni kutengeneza vijilango kwenye seli vya kupitisha kalsiamu, na gegedu linahitaji vijilango hivyo ili likue na kujijenga sawasawa. Kwa paka hawa, katika maandishi yote marefu ya jeni hiyo, herufi moja tu ndiyo iliyobadilika. Moja! Paka waliopimwa wenye masikio yaliyolala walikuwa nayo hitilafu hiyo, wenye masikio yaliyosimama hawakuwa nayo. Na usidhani ni mambo ya paka peke yao. Sisi binadamu tunayo jeni hiyo hiyo, na kwetu pia ikiharibika inaweza kuleta maradhi ya mifupa.

ALIYEANZISHA YOTE

Ukoo mzima unaanzia kwa paka mmoja jike, mweupe, wa shambani. Mwaka 1961 mchungaji wa kondoo aitwaye William Ross alimwona kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Coupar Angus, huko Uskochi. Paka huyo aliitwa Susie, na masikio yake yalikuwa yameinama. Hakuwa paka wa kifahari, kazi yake ilikuwa panya. Ross aliahidiwa kwamba Susie akizaa atapata mtoto mmoja, na ahadi ikatimizwa. Mtoto huyo, jike mweupe kama mama yake, akaitwa Snooks. Susie mwenyewe hakudumu, aligongwa na gari. Lakini kupitia Snooks mbegu ikaenea, hadi leo paka wanaofugwa Marekani, Japani na Urusi hesabu ya ukoo wao inarudi kwenye shamba lile.

Ross na mkewe, Mary, wakaanza kuzalisha. Katika miaka mitatu ya mwanzo walipata watoto 76: 42 masikio yalikunjika, 34 yalisimama. Tazama hesabu hiyo vizuri, inakaribia nusu kwa nusu. Maana yake ni kwamba mzazi mmoja tu mwenye jeni hii anatosha. Kila mtoto anayezaliwa ni kama umerusha shilingi: ikianguka huku amekunja, ikianguka kule amesimamisha. Tena yule aliyesimamisha hana jeni hiyo, hata watoto wake hatawarithisha.

SHIDA HAIISHII SIKIONI

Hapa sasa ndipo utamu unapogeuka shubiri. Jeni haijui kwamba wewe umependa masikio tu. Gegedu halipo sikioni peke yake. Lipo kwenye kila kiungo, linakaa kati ya mfupa na mfupa ili visisagane, na mifupa ya mtoto anayekua inapitia kwanza kwenye gegedu kabla haijawa mifupa kamili. Ukishaharibu gegedu la sikio umeharibu na la miguu, vidole na mkia.

Madaktari wa mifugo wameliona hilo miaka mingi. Mwaka 1999 madaktari wa Australia waliandika kuhusu paka hawa, wakasema kila mwenye masikio yaliyokunjika ana kiwango fulani cha ugonjwa huu wa mifupa. Picha za eksirei zinaonyesha mifupa ya ziada imeota kuzunguka viungo vya miguu ya nyuma, mpaka mingine inashikana. Mkia unakuwa mfupi, mnene, mgumu kama kijiti. Vidole vinakuwa vifupi. Paka anatembea kama mzee mwenye baridi yabisi, na kuruka juu ya kiti, jambo ambalo kwa paka ni mchezo, kwake linakuwa mtihani.

Wanaoumia zaidi ni waliorithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Hao huanza kuchechemea wakiwa bado wadogo kabisa. Waliorithi kwa mzazi mmoja wanatofautiana: mwingine anaishi miaka bila dalili za wazi, mwingine anapata shida mapema. Dawa ya kuondoa tatizo lenyewe haipo. Zipo za kupunguza maumivu tu.

Na ile staili ya kukaa kitako, miguu imenyooshwa mbele, ambayo inakuchekesha kwenye video? Paka wenye viungo vizima nao hukaa hivyo mara mojamoja, sikatai. Lakini kwa huyu, kukaa hivyo kila mara kunaweza kuwa ni njia ya kupunguza uzito kwenye viungo vinavyouma. Paka ana tabia ya kuficha maumivu. Halii kama mbwa. Anatulia, anakaa pembeni, halali vizuri, haruki. Mwenye nyumba anasema, "Paka wangu mpole huyo, hana fujo." Kumbe mwenzake anaumwa.

KWAO WALIMKATAA

Hili nalo wengi hawalijui. Uingereza, mahali alikotokea, chama kikuu cha paka kilimwandikisha mwaka 1966, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaacha kumwandikisha kwa sababu ya afya. Basi akavuka bahari. Marekani wakamfungulia mlango mwaka 1973, na kufika 1978 anashindania ubingwa kwenye maonyesho. Paka aliyekataliwa kwao akawa staa ugenini.

Siku hizi nchi kadhaa zimekaza kamba. Uholanzi ilipiga marufuku kuwazalisha mwaka 2014, na tangu Januari 1, 2026 imekataza hata kumfuga mpya. Waliozaliwa kabla ya hapo na kuwekewa alama ya utambulisho wanaruhusiwa kumaliza maisha yao na wenye nao. Jimbo la Flanders, Ubelgiji, lilikataza uzalishaji na uuzaji wake mwaka 2021.

Wafugaji wanaomtetea wana hoja yao. Wanasema wao hawapandishi aliyekunja kwa aliyekunja, wanampandisha kwa mwenye masikio yaliyosimama, kwa hiyo hakuna mtoto atakayerithi jeni hiyo mara mbili. Ni kweli hapo wanaepusha ule ugonjwa mkali. Lakini ndugu yangu, ile shilingi bado inarushwa. Nusu ya watoto watakunja, na anayekunja ameshabeba hitilafu ile ile ya gegedu. Huwezi kupata masikio yale bila kile kinachoyaangusha.

Wala sisemi kila paka mwenye masikio ya ajabu ni mgonjwa. Yupo mwingine anaitwa American Curl, alianzia Lakewood, California, mwaka 1981. Wa kwake masikio yanapinda kwenda nyuma. Naye huzaliwa na masikio ya kawaida, yakaanza kupinda siku chache baadaye, lakini kupinda kwake hakujahusishwa na ugonjwa huu wa mifupa. Kwa hiyo kosa si kuwa tofauti. Kosa ni kumzalisha kwa makusudi mnyama ambaye tofauti yake inamuuma.

UKITAKA AU UKIWA NAYE

Kama unatamani kumnunua, jiulize unalipia nini. Kama sura ile ya duara imekukosha, wapo ndugu zake wenye masikio yaliyosimama, wanaitwa Scottish Straight. Sura ile ile, upole ule ule, na jeni ya kukunja hawana.

Kama unaye tayari, usije ukamtupa kwa kusoma gazeti. Yeye hana kosa. Usimzalishe. Usimwache anenepe, maana kila kilo anaibeba kwenye viungo vibovu. Mwekee ngazi fupi au kigoda apandie kitandani, na sanduku lake la haja liwe la ukingo mfupi. Usimvute mkia, na waambie watoto wasiuchezee. Ukiona hataki kuruka au anachagua mguu wa kukanyagia, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usisubiri alie.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walikuwa wanawasema watu wanaoshangilia kitu kwa sababu tu ni kigeni machoni mwao. Kwa paka huyu methali hiyo imepata mwenyewe: sisi tunapiga makofi, na kidonda kiko kwake. Siku nyingine video yake ikikufikia, usiishie masikioni. Mtazame na anavyotembea.