Mpenzi wa magari ya kale ya Marekani katika vumbi la Mata

MTU anayependa magari ya kale ya Marekani akiishi Mata, katika eneobunge la Taveta, hakosi kuulizwa swali moja na majirani: gari hilo ni la nini katika barabara hizi? Probox hufika Taveta siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ikiwa imesheheni ndizi hadi pomoni. Bodaboda hupenya hadi ufuoni mwa Ziwa Jipe. Kwa nini basi mtu ahangaike na gari lililoundwa kabla ya babu yake kuzaliwa?

Swali hilo lina msingi iwapo gari linalokusudiwa ni lile refu la miaka ya 1950, lenye mapezi nyuma kama papa na chuma kinachometameta mbele. Hilo lilikusudiwa barabara pana za lami. Lakini Marekani ilikuwa na magari mengine ya kale zaidi, na hayo hayakuwa mageni katika upande huu wa Taita Taveta.

Mnamo Februari 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliwashambulia Wajerumani kwenye kilima cha Salaita, mashariki mwa Taveta, yakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata mapigano yalihamia vilima vya Latema na Reata. Tatizo kubwa la vita hivyo lilikuwa usafirishaji. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe kwa maelfu, na mzigo ukaangukia vichwa vya wapagazi Waafrika wa kikosi ambacho jina lake lingali linaishi katika mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi makwao. Ilipowezekana gari kupita, kazi ilifanywa na malori, na magari mepesi aina ya Ford Model T. Magari ya deraya ya Rolls-Royce ndiyo yaliyosifiwa zaidi, ingawa uzito wake uliyatesa kila mvua iliponyesha.

Model T iliundwa kuanzia mwaka wa 1908 hadi 1927, na zaidi ya magari milioni 15 yakatoka viwandani. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, pungufu kuliko gari dogo kabisa la siku hizi. Sifa yake ilikuwa kwingine. Tumbo la gari lilikuwa juu, kiasi cha sentimita 25 kutoka ardhini, chuma chake kilikuwa chepesi lakini kigumu, na fundi mwenye nyundo, koleo na waya aliweza kulirejesha barabarani. Halikuwa na pampu ya petroli. Mafuta yaliteremka yenyewe kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti. Kwa sababu hiyo, tangi lilipokaribia kukauka, dereva aliyetaka kupanda mlima mkali aligeuza gari na kuupanda kinyumenyume. Anayezijua kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi anaweza kukisia tamasha hilo lilivyokuwa.

Katika miaka ya 1920, walowezi na wawindaji nchini Kenya waliendelea kuyapendelea magari ya Marekani. Aghalabu mnunuzi alipokea chasi na injini, kisha maseremala wakamtengenezea bodi ya mbao mfano wa sanduku, yenye nafasi ya mahema, maji na mizigo. Wapiga picha mashuhuri kutoka Marekani, Martin na Osa Johnson, walisafiri kwa Willys-Knight walipokwenda Marsabit kupiga picha za wanyama katika muongo huo.

Magari mengi ya Ford yaliyouzwa katika makoloni ya Uingereza hayakutoka Detroit. Yalitoka ng'ambo ya mto, nchini Canada, ambako Ford ya Canada, iliyoanzishwa mwaka wa 1904, ilikuwa na haki ya kuuza katika himaya yote ya Uingereza isipokuwa Uingereza kwenyewe. Ndiyo maana gari la "Mmarekani" linalopatikana Afrika Mashariki mara nyingi lina usukani upande wa kulia.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dola zilikuwa adimu katika nchi zilizotumia pauni, na magari ya Uingereza yakatawala soko. Baadaye zikaja Peugeot, Volkswagen na Datsun. Hivyo basi, magari yenye mapezi yalikuwa machache nchini tangu mwanzo, na mpenzi wake hana budi kuridhika na picha.

Wamarekani wenyewe walijaribu kuirejesha heshima yao mwaka wa 1964, walipoleta kikosi cha Mercury Comet katika mashindano ya Safari Rally. Mvua ya Pasaka haikuwahurumia. Kati ya magari 94 yaliyoanza, 21 pekee ndiyo yaliyomaliza, na mawili tu kati ya hayo yalikuwa Comet, tena mbali nyuma ya washindi. Taji lilimwendea Peter Hughes akiendesha Cortina, gari lenye nembo ya Ford lakini lililoundwa Uingereza. Wiki chache baadaye, Aprili 17, Ford ilizindua Mustang, ambayo sawa na Comet ilitokana na gari liitwalo Falcon. Miaka 45 ilipita kabla ya ukoo huo kulipa deni lake: mnamo 2009, Mkenya Ian Duncan, aliyekuwa ameshinda Safari Rally mwaka wa 1994, alitwaa ubingwa wa mashindano ya magari ya kale, Safari Classic, akiwa ndani ya Mustang. Mashindano hayo yamewahi kupitia Taita Taveta mara kadhaa, na wenyeji wameshuhudia vumbi lake.

Hata hivyo, kushangilia Mustang kando ya barabara ni jambo moja na kulitunza gari la kale nyumbani ni jingine. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu kuingizwa kwa gari la kawaida lililozidi umri wa miaka minane, na usukani wa kushoto hauruhusiwi ila kwa magari ya kazi maalum. Mustang za mwanzo zote zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Kwa mpenzi wa Mata, hazina iliyopo ni ile iliyoingia zamani: mabaki yaliyolala katika mashamba ya mkonge, nyuma ya gereji na chini ya miembe.

Fundi naye atakumbana na mambo asiyoyazoea. Nati za magari hayo ni za inchi, ilhali spana za gereji nyingi ni za milimita, na anayelazimisha huviringisha kichwa cha nati. Umeme wa magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 ni wa volti sita. Ukiunganisha betri ya kisasa ya volti 12, taa zitaungua papo hapo. Isitoshe, petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda vikalio vya vali katika injini za zamani, iliondolewa Kenya kufikia mwaka wa 2006. Fundi anayefungua kichwa cha injini hiyo afadhali aweke vikalio vya chuma kigumu wakati huo huo, kuliko kukifungua mara mbili.

Adui mkubwa zaidi ni mizani. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hulipa kwa kilo, na chasi ya miaka ya 1920 huyeyushwa pamoja na mabati. Anayeliona gari la aina hiyo atafute kwanza kibati chenye nambari ya chasi na jina la kiwanda, akipige picha, kisha aulize familia iwapo kitabu cha usajili kingalipo. Bila kitabu hicho, hata gari lililokamilika hadi taa ya mwisho litakuwa na kazi ngumu ya kupata nambari za kutembelea barabarani.