Hakuna "oili nzuri", kuna oili ya kazi yake

Kila nikishuka Mombasa kutoka huku Industrial Area, Nairobi, ninakofanya kazi ya kuchanganya oili, swali huwa ni lile lile: "Kaka, oili nzuri ni ipi?" Mvuvi huuliza, dereva wa matatu huuliza, mwenye mashine ya kusaga naye huuliza. Nami humrudishia swali: nzuri kwa mashine gani?

Oili yoyote iliyo dukani ni vitu viwili: mafuta ya msingi na viungo. Mafuta ya msingi hatutengenezi Kenya. Hata kiwanda cha Changamwe, kabla hakijaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kilikuwa cha petroli, dizeli, mafuta ya taa na mfano wa hayo. Mafuta ya msingi huja kwa meli hadi bandarini Mombasa, ndipo yapande malori kuja huku. Kwa hivyo oili inayochanganywa Nairobi hupita kwenu kwanza. (Na huku kuna Likoni Road, ila usitafute feri.)

Kuchanganya kwenyewe kunafanana na kupika, lakini moto mdogo. Tangi lina pangaboi ndani, mafuta hupashwa hadi kama digrii 60 ili viungo viyeyuke vizuri; yakizidi joto, baadhi ya viungo huharibika. Tunatia mafuta mepesi na mazito kwa kipimo mpaka uzito unaotakiwa upatikane. Ile 46 unayoiona kwenye pipa la oili ya haidroliki ni kipimo cha uzito huo, yaani jinsi mafuta yanavyotiririka yakiwa na joto la digrii 40. Giaboksi kubwa ya kiwandani huweza kutaka 220 au 320. Kisha sampuli huenda maabara, na pipa halijazwi mpaka maabara iseme ndiyo.

Viungo ndivyo vinavyotenganisha oili na oili. Ya injini ya gari inaweza kuwa na viungo sehemu 20 katika 100: vya kuosha masizi, vya kuzuia chuma kisilane na chuma, vya kuifanya isiwe maji injini ikichemka. Ya haidroliki huenda ikawa na sehemu 1 tu. Wala si kwamba ya haidroliki ni hafifu. Oili ya injini imeundwa ishike uchafu na unyevu, iende nao mpaka siku ya kumwagwa. Ya haidroliki imeundwa iachane na maji haraka, yatulie chini ya tangi yatolewe. Kazi mbili zinazopingana. Ukimimina ya injini kwenye mashine ya kubana mabati kwa sababu "ni ya bei ghali", ikiingiwa na maji utapata kitu kama maziwa. Kiwanda cha biskuti nacho kina mafuta yake meupe, yaliyoundwa tukijua tone laweza kuangukia chakula. Na grisi ya kawaida ya lithiamu huanzia kwenye asidi itokayo katika mafuta ya nyonyo, yale yale ya bibi.

Sasa mashine ya boti, maana hapo ndipo fedha za watu wetu zinapozama. Mashine ya tu-stroki haina tangi la oili chini. Oili huchanganywa na petroli, hulainisha beringi na pistoni, kisha huungua. Ukitia oili ya gari, vile viungo vyake vya kalisiamu na zinki haviungui vikaisha. Hubaki jivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Oili ya tu-stroki ya pikipiki nayo si yake, kwani imeundwa kwa injini inayopozwa na upepo, yenye joto jingi. Ya boti hupozwa na maji ya bahari na hukimbizwa kwa nguvu saa nyingi. Tafuta herufi TC-W3 kwenye kopo. Mashine nyingi hutaka oili 1 kwa petroli 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya hutaka zaidi mwanzoni. Kitabu chake kitakwambia. Kukadiria kwa kifuniko cha soda ni kubahatisha.

Rangi isikudanganye. Ile nyekundu ya giaboksi ni rangi tu iliyotiwa, na oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema mara nyingi ni dalili kwamba inaosha. Anayechuja oili chafu kwa kitambaa na kuiuza tena hupata rangi ya kupendeza, lakini viungo vilishakwisha kazi na kitambaa hakivirudishi. Anachohitaji ni kopo lenye jina kubwa na alama ya KEBS, na hilo hulipata jaani. Ukimaliza oili yako, toboa kopo kabla hujalitupa.