Akili ya Mtoto Mdogo (2): Kosa Lenye Hoja

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mtoto mchanga anavyoujua ulimwengu kwa macho, mikono na mdomo. Leo tumtazame mwenye miaka minne hadi sita, ambaye sasa anaweza kutujibu kwa maneno.

Mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget (1896–1980), alipokuwa kijana, alifanya kazi Paris ya kuwapima watoto akili. Majibu waliyokosa ndiyo yaliyomvutia zaidi, maana watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akatambua kwamba makosa hayo yana utaratibu.

Jaribio lake mashuhuri unaweza kulifanya nyumbani. Jaza maji sawasawa katika glasi mbili zinazolingana, mtoto akubali kuwa ni sawa. Kisha, akitazama, mimina maji ya glasi moja katika glasi nyembamba na ndefu. Muulize tena. Wengi wa umri huu watasema ndefu ina maji mengi zaidi. Wameangalia kimo cha maji, wakaacha upana.

Piaget aliona hapo mipaka ya akili ya mtoto. Lakini katika miaka ya 1970, watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walilichunguza swali lenyewe. Walipanga safu mbili za kete zenye idadi sawa, wakamuuliza mtoto kama ni sawa. Mtu mzima alipoitawanya safu moja na kurudia swali, watoto wengi walisema idadi si sawa tena. Ilipovurugwa na mwanasesere mtundu wa dubu aliyeingilia mchezo, wengi walijibu sahihi.

Kwa nini? Kwa maelezo yao, mkubwa akibadilisha kitu kwa makusudi kisha akauliza lile lile, mtoto huhisi anatakiwa atoe jibu jipya. Kwetu huenda hisia hiyo ina nguvu zaidi: mtoto aliyelelewa kwa heshima, akirudiwa swali na mwalimu au babu, anaweza kuelewa kwamba jibu la kwanza limekataliwa. Hapo kinachopimwa ni utii wake, nasi tunadhani tumepima akili.

Wazazi na walimu, kabla ya kuweka alama ya kosa, tumuulize mtoto, "Umejuaje?" Kisha tunyamaze tumsikilize mpaka amalize. Hoja yake ndiyo itakayotuonyesha pa kuanzia kumfundisha.

Wiki ijayo: mtoto hutambua lini kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo lisilo kweli?