Karo la Msikiti Linafurika: Hukumu Yake na Namna ya Kulitunza

SWALI: Sheikh, msikiti wetu uko Dodoma mjini. Kila Ijumaa karo la choo hufurika, na maji yake hutiririka hadi uani tunapotandika mikeka. Vijana wamejitolea kuingia kulizibua ili tupunguze gharama. Je, inafaa? Na fedha za msikiti zinaweza kulipia kazi hii?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba wake.

Tuanze na lililo zito: vijana wasiingie. Uchafu unapooza ndani ya karo hutoa methani, gesi inayowaka moto, na haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu. Hii ya pili ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu hudhani hewa imekuwa safi, kumbe anaanguka. Anayeteremka kumwokoa huanguka juu yake. Allah ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizi, na nia njema ya kuhudumia msikiti haiondoi katazo hilo. Kazi hii ni ya gari la kunyonya majitaka, ambalo hupeleka uchafu kwenye mabwawa maalumu. Haijuzu kuumwaga korongoni usiku, kwani huko ni kuwadhuru Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Pili, fahamuni karo linavyofanya kazi. Kinyesi kizito hutuama chini kuwa tope, mafuta huelea juu kuwa utando, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la pili, ambako hunywewa na udongo. Tope likizidi, hufuata maji hadi shimo la pili na kuziba udongo. Hapo hata mkinyonya leo, baada ya siku chache litafurika tena. Kwa hiyo msingoje harufu. Kila miezi sita fundi afungue mfuniko, asimame upande unakotoka upepo, pasiwe na sigara wala kibiriti, kisha ateremshe mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Alama kwenye kitambaa itaonyesha kimo cha tope. Tope na utando vikifika theluthi ya kina cha karo, iteni gari. Atazame pia kama bomba la hewa liko wazi na kama kiungo cha bomba la kutokea hakijavunjika, maana ndicho kinachozuia utando usipite. Pamba, taulo za kike na nepi zisitupwe chooni.

Tatu, sababu ya kufurika Ijumaa huenda ni maji ya udhu. Wakitawadha watu 300, kila mmoja kwa lita 5, ni lita 1,500 kwa muda mfupi, na hayo yote yakiingia karoni hulikoroga tope na kulisukuma nje. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wasallam) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Punguzeni kasi ya mabomba, na maji ya udhu yachimbiwe njia yake. Katika madhehebu ya Imam Shafii maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni twahara, ingawa hayatwahirishi tena. Yapelekeni kwenye miti. Dodoma ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua. Maji hayo ni neema. Ila yasichanganyike na ya istinjai.

Nne, ua uliomwagikiwa ni najisi. Kwa Mashafii kukauka kwa jua hakutoshi: uondoeni uchafu wenyewe, kisha mmwagie maji mahali hapo mpaka yaenee na athari iondoke. Wahanafi wanaona ardhi ikikauka na athari ikaondoka inafaa kuswalia. Kuosha ndiko kunakotutoa katika khitilafu.

Tano, tazameni kisima. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, na misikiti mingi imechimbiwa visima vya wakfu. Maji yaliyofika kullatayn, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka najisi ibadili rangi, ladha au harufu yake. Lakini twahara siyo sawa na usalama: maji yanaweza kuwa twahara kisharia na bado yakabeba kipindupindu. Wekeni angalau mita 30 baina ya kisima na shimo, na kisima kiwe upande wa juu.

Ama fedha, sadaka iliyotolewa kwa maslaha ya msikiti kwa ujumla inafaa kulipia gari na fundi, kwani hapana swala bila twahara. Iliyotolewa kwa sharti, kama vile ya mazulia, ibaki kwenye sharti lake mpaka mwenyewe aruhusu. Zaka isitumike: kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, misikiti haimo katika mafungu manane. Tangazeni mchango wa karo waziwazi baada ya swala, bila haya. Watu huchangia mnara kwa sababu wanauona; waelezeni kuwa udhu wao unategemea hili wasiloliona.

Wallahu a'lam.