Simu ya upepo ndani ya gari: waya upite wapi?

Usiku mama akishikwa uchungu, gari la wagonjwa huitwa kwa simu ya upepo. Isipojibu, familia inabaki kungoja gizani. Kwa hiyo mwezi huu tunaongea na vijana wetu wanaojifunza ufundi wa magari.

Kosa tunaloliona sana ni kuchukua umeme kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Redio ikisikiliza tu, sawa, inakula kidogo. Lakini ile ya masafa marefu ya wati 100, ukibonyeza kuongea, hufyonza ampea 20 hivi, na fyuzi ya kiberiti mara nyingi ni ya 10 au 15. Fyuzi inakatika, halafu mtu anaweka kipande cha waya mahali pake! Jamani, hapo ndipo plastiki inayeyuka na gari linaungua.

Umeme utoke kwenye betri yenyewe, kwa waya mnene: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si nyuma ya redio, maana inalinda waya wote unaofuata. Waya unapopita kwenye tundu la bati la injini, wekeni mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara zetu utauchuna mpaka uguse bodi. Kabla ya kazi fungueni hasi kwanza; wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Malori mengi yana volti 24, redio nyingi ni za 12. Msiunge kwenye betri moja kati ya zile mbili: hiyo itadhoofika, na mwenzake atajazwa kupita kiasi. Tafuteni kipunguza volti.