MLIMA HUTOA ALAMA KABLA YA KUANGUKA

Ninyi mnaokaa Kamango na vijiji vya chini ya Ruwenzori, mnajua jinsi mvua inavyochukua udongo wa mashamba kidogo kidogo. Khabari hii ni ya hatari nyingine: upande mzima wa mlima kukatika na kushuka mara moja, pamoja na mashamba, nyumba na watu.

Sababu kubwa ni maji. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji huzama mpaka kufika penye mwamba au udongo mgumu usioyapitisha. Hapo udongo wa juu huwa mzito, na chini yake huwa utelezi. Tena mtu akichimba chini ya mteremko ili kujenga, kupitisha njia au kutafuta dhahabu, ameondoa mguu unaozuia mlima. Tetemeko la nchi nalo hulegeza udongo, kama lile la tarehe 20 Machi 1966, lililoua watu wengi upande wa Kongo na wa Uganda.

Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, katika mlima Elgon wa Uganda, udongo ulifunika kijiji cha Nametsi baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Wengine walikuwa wamekimbilia nyumba ya dawa kujikinga na mvua, nayo ikafunikwa.

Pandeni miti, maana mizizi hushika udongo wa juu. Lakini msiitegemee peke yake, kwa kuwa anguko kubwa hukatika chini kupita mizizi.

Basi, wakati wa mvua tazameni alama hizi:

1. Ufa juu ya mteremko, hasa uliopindika kama mwezi mchanga.
2. Miti iliyoanza kuinama, au mlango wa nyumba usiofunga tena.
3. Chemchemi mpya, au ya zamani iliyogeuka tope.
4. Mto uliopungua ghafula huku mvua ikinyesha. Labda udongo umeuziba juu; ukizibuka, maji yatashuka kwa nguvu.

Mkiona ufa, jazeni udongo na kuushindilia, maji yasiingie. Juu yake msichimbe mtaro wa kutuamisha maji, hata kama mitaro hiyo inafaa katika mashamba mengine. Chimbeni mfereji wa kuyapeleka kando. Mpasheni khabari mkubwa wa kijiji. Wachimbaji watoke katika mashimo. Huko Kamituga, Septemba 2020, mvua iliua watu wapata 50 katika mashimo ya dhahabu.

Wenye nyumba chini ya ufa wahame mchana, kabla ya mvua ya usiku. Mlima ukianza kunguruma, kimbieni kando mpaka mahali palipoinuka. Msifuate bonde, kwa kuwa ndiyo njia ya udongo. Wala msirudi kuchukua mbuzi au kahawa.